Jakpoti ya Tangazo Si Jakpoti ya Mfukoni

Jua linapoelekea kuzama siku ya Jumamosi, soko la Navakholo huwa na kelele za namna mbili. Ya kwanza ni ya kina mama wanaojitahidi kumaliza mboga na samaki kabla giza halijaingia. Ya pili ni ya vijana waliojikusanya kando ya pikipiki zao, kila mmoja ameinamia simu yake, wakishangilia au kulaani mabao yanayofungwa katika viwanja vya Uingereza, Uhispania na Ujerumani. Mgeni angedhani ni mashabiki wa kandanda. La hasha! Wengi wao hawajui hata jezi za timu hizo zina rangi gani. Wanachokishangilia ni dau.

Miongoni mwao yumo kijana mmoja mwendeshaji wa bodaboda ambaye nilimfundisha hesabu alipokuwa shule ya msingi. Jioni moja ya mwaka 2024 alinijia mbio, simu mkononi, uso umemkunjamana kama mtu aliyefiwa. "Mwalimu," akaniambia, "nimeshinda elfu ishirini na nne, lakini serikali imenila. Nilikuwa nimemwahidi mama mabati." Nikautazama ujumbe. Ni kweli alikuwa ameshinda shilingi 24,000 kwa dau la shilingi 50, na ni kweli zilikuwa zimekatwa shilingi 4,790 za kodi, akabaki na 19,210.

Nilimpa pole, kisha nikamwuliza swali ambalo mwalimu wa hesabu hawezi kujizuia kuliuliza: tangu Januari alikuwa ametuma kiasi gani kwa kampuni za kamari? Hakujua. Tukaketi kwenye benchi la muuza chai, tukaitisha taarifa ya M-Pesa, tukajumlisha mstari baada ya mstari. Jumla ilikuwa shilingi 31,400. Vijiushindi vingine vyote alivyokuwa amepata alivirudisha mchezoni papo hapo, bila ya kuvitoa. Kwa hivyo mwaka huo kijana wangu hakuwa mshindi hata kidogo. Alikuwa amepoteza shilingi 12,190. Hata hivyo, sheria ilimtoza kodi kama mshindi, na zaidi ya hiyo, kila dau alilokuwa ameweka lilikuwa limetozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 12.5, yaani takriban shilingi 3,500 kwa fedha zote alizotuma. Tukizijumlisha kodi hizo mbili, serikali ilijipatia takriban shilingi 8,300 kutoka kwa mtu aliyetoka mchezoni akiwa na hasara.

Ndugu msomaji, kisa hiki kidogo ndicho kilichonisukuma kuishika kalamu. Kwa muda mrefu mjadala wa kamari nchini umekuwa wa pande mbili tu. Upande mmoja wanasimama wahubiri wanaosema kamari ni dhambi, na upande wa pili wanasimama mawaziri wa fedha wanaosema kamari ni kisima cha mapato. Aghalabu hakuna anayemweleza mchezaji mwenyewe kwamba fedha anazotangaziwa si fedha atakazopata, na kwamba kodi huibadilisha thamani ya jakpoti kwa namna ambayo tangazo haliisemi.

Hebu kwanza tuulize, jakpoti ina thamani gani? Wengi watajibu kwa kutaja tarakimu iliyoandikwa kwenye bango. Jibu hilo ni la mtu anayenunua gunia la mahindi kwa kulitazama tu bila ya kulipima. Thamani ya jakpoti hupimwa kwa mambo matatu: ukubwa wa donge, uwezekano wa kulipata, na gharama ya kulijaribu. Kodi huligusa donge, na huigusa gharama pia. Uwezekano wa kushinda ndio usioguswa na waziri yeyote, kwa kuwa huo umefungwa na hesabu.

Nitatoa mfano kwa mchezo wa poka uchezwao katika kasino, kwa sababu hesabu zake ziko wazi kuliko za kandanda. Karata ni 52. Mikono ya karata tano inayoweza kutoka katika karata hizo ni 2,598,960. Katika mikono yote hiyo, ni minne tu iliyo na ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi za jinsi moja, iwe ni kopa, uru, shupaza au pau. Huo ndio mkono ambao kasino nyingi duniani huuwekea donge kubwa linalozidi kukua kadiri wachezaji wanavyoongeza vijidau vyao. Ukigawanya, utaona kwamba mtu anayegawiwa karata tano ana nafasi 1 katika 649,740 ya kuupata.

Chukulia kwamba kijidau cha kuliwania donge hilo ni shilingi 100, nasi tuziache kando zawadi ndogondogo. Ili mchezo uwe wa haki, yaani mchezaji asimpunje mwenye kasino wala mwenye kasino asimpunje mchezaji, donge lazima liwe mara 649,740 ya dau, nalo ni shilingi 64,974,000. Likiwa chini ya hapo, mchezaji ananunua kitu kwa bei iliyozidi thamani yake. Hapo hatujaitaja kodi.

Sasa tuilete kodi. Ikiwa mshindi atakatwa asilimia 20 ya alichoshinda, kama sheria ya Kenya ilivyoagiza kwa miaka kadhaa, donge la shilingi 64,974,000 halitoshi tena. Ili mshindi abaki mkononi na kiasi kile kile, donge sharti lifike shilingi 81,217,500. Kisha ongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 juu ya dau, kiwango kilichoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024. Mchezaji anayetaka dau la shilingi 100 liingie mchezoni atalazimika kulipa shilingi 115. Tukizitia kodi zote mbili katika hesabu, donge la haki litakuwa shilingi 93,400,125. Kwa maneno mengine, jakpoti iliyokuwa ya haki kwa milioni 65 sasa yahitaji kupita milioni 93 ndipo iwe na thamani ile ile kwa mchezaji. Karata ni zile zile 52 na uwezekano ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono wa tatu ulioingia mezani, usiocheza lakini unaochukua fungu lake kila mara.

Jambo hili halikuwa la kubuni kwa Wakenya. Mwaka 2018 mshindi wa jakpoti ya mechi 17 ya SportPesa alitangazwa kuwa amejishindia zaidi ya shilingi milioni 208. Asilimia 20 ya kiasi hicho ni takriban milioni 41.7. Nchi nzima iliimba milioni 208, na hadi leo ukiwauliza vijana wa Navakholo watakutajia milioni 208. Ni wachache wanaokumbuka kwamba milioni 41 na ushei zilikuwa fungu la serikali.

Na hizo mechi 17 zenyewe zina hesabu gani? Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani washinde, wageni washinde, au watoke sare. Tatu ukiizidisha kwa tatu mara 17 unapata mipangilio 129,140,163. Yule ambaye angetaka kuinunua mipangilio yote kwa shilingi 100 kila mmoja angehitaji zaidi ya shilingi bilioni 12.9, ili apate milioni 208. Bila shaka mjuzi wa kandanda hatabiri kwa kufumba macho, na ujuzi wake humpunguzia umbali huo. Lakini ni umbali wa kutoka Navakholo hadi mwezini. Hata ukikatwa nusu, safari haijawa ya kwenda kwa miguu.

Baadhi ya wasomaji watasema, vyema basi, kodi na iwe kubwa ili vijana waache. Hoja hii ina sura nzuri, na imewahi kutolewa bungeni mara kadhaa. Kasoro yake ni kwamba haikutani na mwenendo wa watu. Mchezaji havutwi na kiasi atakachobaki nacho baada ya makato, bali huvutwa na tarakimu iliyo kwenye bango. Maadamu bango linaonyesha milioni 208, atacheza akizifikiria milioni 208. Kodi ataigundua siku ya kushinda, na wengi hawaifikii siku hiyo. Kodi isiyoonekana haiwezi kumwonya mtu. Ni kama kumwekea mlevi ushuru chini ya kizibo cha chupa ukitarajia ausome kabla ya kunywa.

Isitoshe, historia ya kodi hizi ni ya kuyumbayumba. Kwa miongo mingi tuliongozwa na sheria ya kamari ya mwaka 1966, iliyotungwa wakati ambapo kamari ilimaanisha kasino za mijini, bahati nasibu na mbio za farasi. Simu ya mkononi ilipozigeuza kamari kuwa jambo la kila kijiji, serikali ikaanza kukimbizana nazo. Kodi ya mapato ya kampuni za kamari ilipandishwa hadi asilimia 35 kuanzia Januari 2018, SportPesa nayo ikaondoa ufadhili wake kwa michezo ya humu nchini. AFC Leopards, timu ambayo huku kwetu huzaliwi bila ya kuisikia ikitajwa, ilikuwa miongoni mwa zilizoachwa kwenye mataa. Kabla vumbi halijatulia, kodi hiyo ikashushwa hadi asilimia 15.

Kisha likaja suala la ushindi. Sheria ilisema ushindi utozwe asilimia 20, lakini ushindi ni nini? Ukiweka shilingi 100 ukarudishiwa 150, umeshinda 150 au umeshinda 50? Mzozo kuhusu neno hilo moja uligharimu fedha nyingi na muda mwingi, hadi Sheria ya Fedha ya 2019 ilipofafanua kwamba dau la mchezaji mwenyewe si sehemu ya ushindi. Sheria hiyo hiyo ikaleta ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Katika mwaka huo wa 2019 leseni za kampuni nyingi hazikuhuishwa, SportPesa na Betin zikafunga shughuli zao nchini, na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Mwaka 2020 ushuru wa dau ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5. Desemba 2024 ukafika 15. Waama, hata mcheza kamari hodari asingeweza kutabiri mfululizo huo.

Halafu ikaja Sheria ya Fedha ya 2025. Kuanzia Julai 2025 ushuru wa bidhaa ukawa asilimia 5 ya fedha ambazo mchezaji anaziingiza katika akaunti yake kwenye kampuni ya kamari, na badala ya asilimia 20 ya ushindi, ikawekwa asilimia 5 ya fedha anazozitoa. Kwa mtazamo wa jakpoti, haya ni mabadiliko makubwa. Tukiurudia mfano wetu wa poka, mchezaji sasa analipa takriban shilingi 105 ili dau la 100 liingie mchezoni, na akishinda atakatwa asilimia 5 anapotoa. Donge la haki linashuka kutoka milioni 93 hadi karibu milioni 72. Jakpoti ya tarakimu ile ile imeongezeka thamani kwa mshindi, na kampuni haikuchangia hata senti.

Je, tushangilie? Mimi sishangilii, na nitaeleza sababu.

Kwanza, kodi ya zamani, pamoja na kasoro zake zote, angalau ilidai kuwa inamlenga aliyeshinda. Hii mpya haiulizi kama umeshinda. Tuseme mama mboga ameweka shilingi 1,000 katika akaunti ya kamari kwa kushawishiwa na rafiki. Zinakatwa 50, zinabaki 950. Usiku anajutia nafsi, anaamua kuzitoa zote bila ya kucheza hata mara moja. Zinakatwa asilimia 5 nyingine, yaani shilingi 47.50. Anarudi nyumbani na 902.50. Huyu hakucheza, hakushinda, hakushindwa, alibadilisha nia tu, jambo ambalo sote tungelipongeza. Naye ametozwa karibu shilingi 100. Sheria inayomtoza mtu kwa kutubu yahitaji kutazamwa tena.

Pili, mlango wa kutokea ukiwekewa ada, mchezaji huona heri asitoke. Yule kijana wangu wa bodaboda akiwa na shilingi 600 katika akaunti ya kamari, atajiambia kwamba akizitoa zitakatwa, basi afadhali azicheze. Na akizicheze, mwisho wake twaujua.

Tatu, kodi hizi hazitazami hasara. Mfanyabiashara wa duka pale Ingotse huruhusiwa kuondoa gharama za bidhaa zake kabla ya kuhesabu faida. Mcheza kamari hana hesabu ya mwaka. Kila kinachotoka hutozwa peke yake, kana kwamba hakikutanguliwa na chochote. Ndiyo maana mtu aliyepoteza shilingi 12,190 alilipa kodi ya mshindi.

Si sisi peke yetu tunaolikabili fumbo hili. Nchini Uingereza, wachezaji walikuwa wakikatwa asilimia 9 katika maduka ya kamari, na mteja aliweza kuchagua kuilipa juu ya dau au juu ya malipo. Mwaka 2001 serikali ya nchi hiyo iliifuta kodi ya mchezaji na badala yake ikaitoza kampuni asilimia 15 ya faida yake ghafi, yaani kinachobaki baada ya washindi kulipwa. Marekani nao wamekuwa na utaratibu wa kumtoza mchezaji juu ya ushindi wake, lakini wakimruhusu kuondoa hasara zake hadi kiwango cha alichoshinda. Mwaka 2025 walipitisha sheria inayosema kwamba kuanzia 2026 hasara itakayoondolewa ni asilimia 90 tu. Wachezaji wa poka wa huko wakapiga mayowe, na walikuwa na sababu. Mtu aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza dola 100,000 katika mwaka mmoja, ambaye hana faida yoyote, atahesabiwa kuwa ana mapato ya dola 10,000. Hata hivyo, Mmarekani huyo analalamikia asilimia 10 ya hasara yake. Kijana wa Navakholo hakuondolewa hasara hata kwa asilimia moja, na hakupiga mayowe kwa sababu hakujua.

Msomaji atauliza, je, wewe mwandishi unataka kodi ipunguzwe ili vijana wacheze zaidi? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba nataka kodi ihamishwe, na ukweli uandikwe kwa herufi kubwa.

Kodi ihamishwe kutoka mfukoni mwa mchezaji hadi katika sanduku la kampuni. Kampuni za kamari ndizo zenye wahasibu, mitambo ya hesabu na faida. Itasemekana kwamba kampuni zikitozwa zaidi zitapunguza jakpoti ili kufidia. Naam, na iwe hivyo! Jakpoti ya milioni 60 inayolipwa milioni 60 ni bora kuliko ya milioni 75 inayolipwa chini yake, kwa kuwa ya kwanza imemwambia kijana ukweli kabla hajaitoa shilingi yake. Na bango likiwa dogo, mvuto wake nao utakuwa mdogo. Hilo ndilo walilolitaka wale waliodhani kodi kubwa itamzuia kijana, ila sasa litatendeka mbele ya macho yake badala ya nyuma ya mgongo wake.

Ukweli uandikwe. Agosti 2025 nchi ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyochukua mahali pa ile ya 1966. Wanaopewa kazi ya kuitekeleza wana nafasi ya kuagiza kwamba kila tangazo la jakpoti, liwe la kasino, la redio au la simu, litaje mambo mawili kwa herufi zinazolingana na zile za donge: kiasi atakachopokea mshindi baada ya makato yote, na uwezekano wa kushinda. Liandikwe kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mawakili. Aidha, kila kampuni imtumie mchezaji kila mwisho wa mwezi ujumbe mmoja mfupi: uliweka kiasi hiki, ulitoa kiasi hiki, tofauti ni hii. Kampuni ambazo hutuma jumbe za kumshawishi mtu saa sita za usiku haziwezi kudai kwamba ujumbe huo mmoja ni mzigo.

Akaunti ya mtu ambaye hakucheza isikatwe anapotoa fedha zake. Hili halihitaji tume wala kongamano.

Hatimaye, fedha zinazokusanywa zionekane. Kila shilingi ya kamari inayotoka Navakholo huondoka kwa simu na haiachi hata alama ya kiatu. Hapa ni eneo la wakulima wa miwa ambao wengi wao waliyumba kampuni ya sukari ya Mumias ilipodorora, hadi ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Tangu hapo fedha ya pamoja ambayo mkulima alikuwa akiingoja baada ya mavuno imekuwa adimu, na jakpoti imeingia katika pengo hilo ikijifanya kuwa mavuno mapya. Si ajabu basi kwamba vijana huiita kazi. Ikiwa serikali inachuma kutokana na umaskini huo, sehemu ya inachokichuma irudi katika wadi zetu kwa umbo linaloonekana: uwanja wenye magoli ambako vijana watacheza kandanda badala ya kuiwekea dau, na mshauri katika zahanati atakayeweza kumsikiliza mtu aliyeuza pikipiki yake kwa sababu ya kamari.

Wazee wa Kakamega wanaijua habari ya kutafuta utajiri wa ghafla. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu iligunduliwa katika wilaya hii, wageni wakamiminika kutoka kila pembe, na mwaka 1932 sheria iliyokuwa ikiilinda ardhi ya wenyeji ikarekebishwa ili wachimbaji wapate kupita. Baadhi ya wageni walitajirika, kodi zikakusanywa, na mgodi wa Rosterman ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wenyeji walibaki na mashimo.

Nikakumbuka hayo nilipokuwa nikimfanyia kijana wangu hesabu ya mwisho pale kwenye benchi. Nilimwambia kwamba mtu anayegawiwa mikono 20 ya poka kila siku, bila ya kupumzika hata siku ya Krismasi, atapata mikono 7,300 kwa mwaka. Ili aifikie mikono 649,740 itamchukua miaka 89. Angetaka awe na matumaini ya kuuona ule mkono wa kifalme mara moja kufikia siku ile, angepaswa kuwa ameanza kucheza wakati babu yake akichimba udongo wa wageni kule mgodini.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hiyo mara moja, mwalimu, watakata?"

Nikamjibu kwamba watakata. Wazee wetu waliipa kamari jina la pata potea, na jina hilo lilikuwa la uaminifu, kwa sababu lilitaja mambo yote mawili. Tuliowapa leseni ya kuicheza simuni wanatutangazia kupata peke yake. Kazi ya sheria ni kuwalazimisha walitaje na la pili. Mabati ya mama yule, kwa taarifa yako msomaji, yalinunuliwa mwaka uliofuata kwa fedha za bodaboda, mabati manne kwa mwezi, bila ya makato ya jakpoti.